Jina Lililobaki Ng'ambo ya Daraja

Jumamosi, 31 Mei

Waliokuwepo leo sebuleni kwangu, nikiwataja kwa kadiri ya heshima zao: Tata Kapend, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Musumba, mji mkuu wa Walunda, mkubwa wetu kwa umri na kwa kikohozi, Mama Salima, mwenye duka la vitenge na malori ya mizigo, ambaye wazazi wake walishuka huku kutoka Maniema, Didier, mkalimani wa wageni wa migodini, mdogo wetu, na mimi, Régine, mwalimu wa Kifaransa, mshika kipaza sauti wa harusi na vilio vya mtaa wetu wa Kapata.

Hata hapa, mahali ambapo hakuna wa kunisikia, nimeanza kwa kuwataja waliokuwepo. Mdomo umezoea, mkono nao umeuiga.

Chai. Karanga. Karata zilezile, pembe zimelegea kama masikio ya mbuzi. Mama Salima alikwenda kuswali alasiri chumbani kwangu, kama kila wiki. Aliporudi alikuta hakuna aliyecheza. Kila mmoja alikuwa anaitazama simu yake. Aliketi, naye akaitoa yake.

Naogopa. Kikao hiki kinakufa polepole na kwa adabu. Ni mahali pekee ninaposema bila kipaza sauti.

Ndipo Didier akatoa sanduku. Mchezo mpya, ameuagiza mwenyewe: Bonde la Ukungu. Kila mchezaji anakuwa mtu mwingine, anasafiri katika nchi isiyokuwepo. Mmoja huongoza: anaeleza kinachoonekana. Wengine husema wanachotenda. Palipo na hatari, dadu huamua. Si dadu ya kawaida. Ina nyuso ishirini na inateleza mezani kama kokoto ya mtoni.

Tata Kapend aliuliza nani hushinda. Hakuna. Akauliza, basi tutajuaje kama umekwisha. Didier alicheka. Mimi sikucheka. Niliona ni swali zuri.

Jumatano, 4 Juni

Nasimamia mitihani. Wanafunzi wameinama, vumbi la kiangazi limesimama ndani ya mwanga wa dirisha, na mimi sipo. Niko katika bonde. Nimekisoma kijitabu cha Didier jana nikiwa jikoni, na tangu hapo naliona: nchi ambako asubuhi haiishi, miti ni kivuli cha miti, watu husikika kabla ya kuonekana. Nimewaza mtu nitakayekuwa. Mwanamke asiyesema. Anasikiliza ukungu na kujua nani anakuja.

Mwanafunzi aliinua mkono akaomba karatasi. Nilichelewa kumwona.

Miaka mingi sijangojea Jumamosi namna hii.

Jumamosi, 7 Juni

Nimevunjika moyo. Niandike bila kuzunguka.

Kwanza majina. Didier alisema kila mtu ampe mhusika wake jina. Mimi, kwa kupenda maneno mazito, nikaongeza: tuchague majina yenye uzito, si majina ya kuchezea. Mama Salima alimwita mtu wake Mfanyabiashara, akasema linatosha. Wangu nilimwita Kimya. Tata Kapend alikaa muda mrefu akisugua goti. Kisha akasema Kasong.

Sote tulijua maana yake. Kasong ni marehemu kaka yake, aliyetoka Musumba kwa miguu na malori mabovu, akafanya kazi hapa, akamsomesha uuguzi. Na binti yake Tata Kapend, Nadège, anakaribia kujifungua; akipata mvulana, jina hilo limeshatengwa. Kwao Walunda mtu hufa, jina halifi. Anayelirithi hurithi na undugu. Mtoto huyo, akizaliwa, babu yake atamwita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Tata Kapend ameshaanza kulifanyia mazoezi neno hilo. Nimemsikia akilisema peke yake langoni.

Didier aliuliza kama ana hakika. Mzee akamjibu kwa utulivu:

"Acha jina itembee mbele, itazame njia. Mutoto atakuta njia iko wazi."

Nililipenda. Nilidhani mchezo umeanza vema.

Halafu tukaingia bondeni, na bonde likawa hesabu. Nguvu ya Kasong, ngapi. Mzigo wa Mfanyabiashara, kilo ngapi. Kimya anasikia, ndiyo, lakini kwanza atupe dadu, ajumlishe, atoe. Nilitupa. Nikaambiwa sikusikia kitu. Mwanamke wangu wa ukungu, kiziwi kwa sababu ya kutoa na kujumlisha.

Na sisi wenyewe hatukuwa watu wa mchezo huo. Hadithi inaanzia katika nyumba ya pombe. Mama Salima akasema mtu wake hawezi kukutwa humo, atangoja nje na mizigo. Tukafika kijijini. Kijitabu kinataka tuulize njia ya mlimani na kuondoka. Tata Kapend akakataa kuuliza njia kabla hajaonyeshwa kwa chifu, kabla ya kuketi, kabla ya kutoa zawadi na kueleza tumetoka wapi na tuliwaachaje wazee wetu. Didier alisema chifu hayumo kitabuni. Mzee akasema kijiji kisicho na chifu ni kambi, na kambini hatulali. Ilibidi Didier amuumbe chifu papo hapo. Kisha jitu likatuzuia njiani na panga, na Mama Salima, badala ya kupigana, akaliuliza linatoza kiasi gani na kama linatoa risiti.

Tulicheka, ndiyo. Didier hakucheka. Alifunua kurasa, akafunga, akafunua. Siku nzima anatafsiri maneno ya wengine. Nadhani alitaka, kwa saa chache, kusema yake. Sisi tukamfanya mkalimani tena, kati yetu na kitabu chake.

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Moshi wa majani yanayochomwa umelala juu ya mistari ya nyumba za Kapata hata mapaa hayaonekani. Nilisimama nje na kikombe. Kwa muda mfupi bonde lilikuwa hapa, bila dadu, bila kitabu.

Nitampa Didier nafasi nyingine. Tutampa sote.

Jumamosi, 14 Juni

Waliokuwepo: walewale, kwa utaratibu uleule.

Tulikuwa tumeazimia kuwa wachezaji wema. Hakuna aliyetafuta chifu. Mama Salima alikubali kuchomoa kisu. Didier alichangamka, sauti yake ikashuka ikawa nzuri, na kwa mara ya kwanza niliona kweli: korongo, chini hakuonekani, daraja la kamba limelowa. Kasong akasema atatangulia. Mkubwa hutangulia, ndivyo alivyosema Tata Kapend, naye alikuwa amenyoosha mgongo kana kwamba ni yeye aliye na kamba mkononi.

Didier akamwambia atupe dadu kuona kama kamba itahimili. Alitupa. Ilizunguka, ikasimama juu ya kumi na tisa. Tulipumua.

Na wakati huohuo wakalipua upande wa migodi. Mlipuko wa kawaida wa Jumamosi. Madirisha yalilia, vikombe vikagusana, meza ikatetemeka. Dadu ikalala upande wa pili. Moja.

Mama Salima akasema ilikuwa kumi na tisa, sote tumeiona. Didier akasema kanuni ni kanuni, inahesabiwa namba inayokaa. Nadhani angeweza kuacha. Lakini wiki iliyopita tulimvunjia kila kanuni aliyotuletea, na hii moja aliishika kwa mikono miwili. Akasoma: kamba imekatika, msafiri ameanguka ndani ya ukungu, amekufa. Alisema kwa sauti ya kazini, ile isiyo na mwenyewe.

Tata Kapend hakusema neno. Alichukua kofia yake. Alimshukuru Mungu kwa chai, akanishukuru mimi, akatoka. Didier akakusanya sanduku lake. Hakumtazama mtu.

Chai yake mzee ilibaki nusu.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kuimba kanisani. Kichwa kinauma.

Ni mchezo tu. Nimejiambia hivyo nikifua, nikianika, nikikunja.

Alhamisi, 19 Juni

Nadège amejifungua. Mvulana. Mzima, mweusi wa kung'aa, amekunja ngumi kama anayeshika usukani.

Nilipeleka sabuni na unga. Nikauliza anaitwa nani. Nadège aliangalia ukutani. Akasema babu yake mtoto bado anafikiri. Tata Kapend alikuwa kwenye kiti nje ya mlango wa chumba, anamlinda mjukuu kama askari, na hajamshika. Muuguzi aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa huu hajamshika wa kwake.

Wanamwita Bébé. Bébé amelala. Bébé ameamka. Kila neno lilinichoma.

Jumamosi, 21 Juni

Waliokuwepo: Mama Salima. Na mimi.

Didier alituma ujumbe, ana kazi. Hafanyi kazi Jumamosi alasiri. Tata Kapend hakutuma ujumbe.

Mama Salima aliswali, akarudi, akakunja miguu kochini. Alisema mambo yaliyo wazi kwake. Katika familia yao ya wasafirishaji, lori lisilofika halisemwi limepotea. Linasemwa liko njiani. Baba yake aliwahi kungoja lori moja msimu mzima wa mvua, na kila aliyeuliza alijibiwa liko njiani, na siku moja likaja, limejaa matope, dereva amenenepa. Kasong ameanguka ndani ya ukungu. Nani ameona chini?

"Mutu anaanguka mu brouillard, hamuone mwili, munasema amekufa. Kwetu dereva angebakasirikia ninyi sana."

Nilicheka hadi nikalia. Kisha nikalia tu. Tukanywa chai kwa vikombe viwili. Viti vingine vilitutazama.

Jumanne, 24 Juni

Nimemtembelea Tata Kapend. Ananiheshimu, kwa hiyo aliniambia ukweli, na ukweli wenyewe ulimwaibisha.

Haamini mambo hayo, alisema. Amesoma. Ameona damu na hewa na vidonda, anajua mtu hufa kwa nini. Lakini kila anapofungua kinywa kumwita mtoto Kasong, anasikia jina likianguka. Analiona likienda chini, jeupe, halifiki. Anaogopa kwamba atamwita mtoto hapa, naye ataitika kule chini. Na kumwita jina lingine hawezi: hilo ni kumfungia kaka yake mlango baada ya kutembea njia yote ile kutoka Musumba.

Nilimwambia ilikuwa dadu. Plastiki. Tena ilitikiswa na mgodi.

Aliuliza, si kwa hasira:

"Mama Régine, ile dé iko ya ukoo gani?"

Aliendelea taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Angekuwa mtu, tungejua kwao, tungekwenda kwa wazee wake tukaongea. Dadu haina kwao. Imeua, na hakuna mlango wa kubisha.

Ndani, mtoto alilia. Mzee aliinua mikono, kisha akaishusha juu ya magoti.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Malori yalipita, kila moja likifuta lililotangulia kwa vumbi. Sikuwaza neno lolote la maana. Mimi, ambaye watu huniita nije na maneno.

Alhamisi, 26 Juni

Kilio kwa jirani wa mstari wa tatu. Mama mzee, maradhi ya siku nyingi. Niliitwa kushika kipaza sauti.

Kabla familia haijatoka ndani, bwana mmoja mwenye suti, mkubwa wa kazini kwa mwana wa marehemu, alichukua kipaza sauti changu na kuanza: Tuna huzuni kuwatangazia kwamba. Nilikwenda nikakitwaa, kwa upole, mbele ya watu wote. Nikamwambia maneno ambayo nimeyasema mara nyingi hata siyasikii tena: baba, utusamehe, kifo kinatangazwa na mwenye mtu. Mgeni akikitangaza, hakijatangazwa. Tunangoja.

Watu wakanyamaza. Wakangoja. Mtoto wa kwanza wa marehemu akatoka, akasimama, akasema mama amekufa. Hapo ndipo wanawake walipolia. Kabla ya hapo, hata walioona mwili hawakulia.

Nami nikabaki nimesimama na kipaza sauti mkononi, nimesahau kinachofuata. Ikabidi wanisogezee kiti.

Dadu ilisema. Didier alitafsiri. Mwenye mtu hakufungua kinywa. Alichukua kofia, akashukuru kwa chai, akatoka.

Hakuna aliyetangaza.

Ijumaa, 27 Juni

Asubuhi nilikwenda kwa Didier. Alikuwa anapiga viatu rangi, hakusimama. Nilimwambia bonde lake ni zuri, na daraja lile nililiona kweli, tangu kamba hadi ukungu, na kwamba sauti yake siku ile, kabla ya kufungua kitabu, ilikuwa sauti ambayo ningependa kuisikia vilioni na harusini. Aliendelea na viatu. Baadaye, akiwa amenigeuzia kisogo, akauliza kama mzee amemshika mtoto. Nikasema bado.

"Mi sikutaka, Mama."

Nilimwambia najua. Nilimwambia aje kesho, aache kitabu nyumbani. Alisema atakuja.

Kisha kwa Mama Salima, aliyecheka na kusema ataleta kamba ya kweli, ile ya kufungia mizigo, kwa sababu kamba ya maneno haimtoshi. Kisha kwa Tata Kapend. Nilimweleza kilichotokea kilioni. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakusema ndiyo. Alimwita Nadège, akamwambia kesho amvishe mtoto kofia ya sufu, kuna baridi.

Sasa jua linashuka nyuma ya vilima vya udongo wa mgodi, na kila kitu kina rangi ya waridi iliyofifia: ukuta, ua, mikono yangu. Nimekaa barazani. Mchana nilisinzia hapa na nikamwona. Kasong. Ameketi chini ya korongo juu ya jiwe, miguu ndani ya ukungu, anamenya karanga. Hana jeraha. Anaonekana kama mtu aliyeambiwa angoje na anayejua kungoja. Aliinua uso, akasikiliza. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Kesho nitasimama, ingawa ni sebule na tuko wachache, nami nitasema hivi. Nimeyajaribu kwa sauti ya chini; kuku pekee wamesikia.

Tata Kapend, mkubwa wetu na mwenye mtu. Mama Salima, mlezi wa njia. Didier, mdogo wetu na macho yetu katika ukungu. Nadège, mzazi. Na wewe, mgeni uliyekuja mwisho na ambaye heshima yako bado hatujui tuiweke wapi, kwa sababu hatujui kama wewe ni mjukuu au ni kaka.

Kifo kilichosemwa mezani hapa hakikutangazwa na mwenye mtu. Kwa hiyo, kwa desturi ninayoishika katika mtaa huu, hakijatangazwa, na hakuna kilio. Msafiri yuko njiani. Kikao kinaamua kurudi darajani sasa hivi, kabla chai haijapoa. Dadu itabaki ndani ya sanduku. Didier atatueleza korongo lilivyo, bila kusoma. Mama Salima atateremsha kamba, nasi tutaishika nyuma yake. Mtoto awekwe mikononi mwa babu yake, karibu na ukingo, ili sauti ikipanda kutoka chini imkute.

Kisha Tata Kapend ataita. Ataita mara moja tu, kwa neno lile alilolifanyia mazoezi langoni: yaya.

Nasi tutanyamaza mpaka aitikie.